Constitute: Katiba Mbili kwenye Kioo Kimoja, na Kinachonikera

Wadau, karibuni. Leo salamu ni fupi, maana kitu chenyewe kiko hapa nyuma yangu kwenye ukuta na nimekuwa na hamu nacho wiki nzima. Kinaitwa Constitute, tovuti ya katiba za dunia. Wengi mnaijua, kwa hiyo wasifu wake naupitia mbio: ilizinduliwa 2013, walioitengeneza ni wasomi wa siasa na sheria wanaokusanya katiba za nchi huru karibu zote, na ni bure. Basi. Tuingie ndani.

Nataka mwone kitufe kimoja tu. Vingine mtajionea wenyewe. Ni hiki cha kulinganisha. Nachagua Kenya ya 2010. Nachagua Tanzania ya 1977. Haya, tazameni kioo kilivyogawanyika: Kenya huku, Tanzania huku. Hapo bado ni kawaida, hata mimi naweza kufungua PDF mbili zikae ubavu kwa ubavu. Utamu unaanzia kwenye mada. Kuna mada zaidi ya 300, na kila mada imeunganishwa na ibara zinazoihusu. Kwa hiyo mwanafunzi hasomi kurasa mia kutafuta uchaguzi wa rais umeandikwa wapi. Anabonyeza mada, anapelekwa mlangoni.

Naipeleka kwenye uchaguzi wa rais. Someni nami, taratibu. Kenya, ibara ya 138: mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na juu ya hapo apate angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kaunti ziko 47, maana yake unahitaji 24. Sasa hamisha macho. Tanzania, ibara ya 41: anayepata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote, huyo ndiye rais. Hakuna nusu, hakuna mikoa. Na sharti la kuvuka nusu lilikuwepo huku kwetu, likaondolewa kwa mabadiliko ya katiba ya mwaka 2000. Mweleze mwanafunzi hilo halafu unyamaze, usubiri mkono wa kwanza unyooke.

Ngoja, sijafika ninapopapenda. Teremka kidogo. Kenya, ibara ya 140: usiporidhika na matokeo ya urais una siku saba za kwenda Mahakama ya Juu, na mahakama ina siku kumi na nne za kuamua. Tanzania, ibara ya 41, ibara ndogo ya saba: tume ya uchaguzi ikishamtangaza rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Naacha kioo hapo hapo. Nchi mbili zinazopakana, lugha moja sokoni, mpaka unavukwa kwa basi kabla ya chakula cha mchana, na juu ya swali la nani anaweza kuiambia tume kwamba imekosea, majibu yamekaa hivi, uso kwa uso.

Mimi darasani nafanya hivi. Natoa kopi za ibara hizo tu, majina ya nchi nimeyafuta. Nusu ya darasa inapewa hii, nusu ile. Nawauliza: mmeshindwa uchaguzi kwa kura chache na mna ushahidi, mnafanya nini? Upande mmoja unaanza kupanga mawakili. Upande wa pili unasoma karatasi, unaigeuza, unatafuta ukurasa wa nyuma. Hapo ndipo nafundisha taasisi. Sijasema neno "taasisi" hata mara moja, na tayari wameshaelewa kwamba kanuni za mchezo zinaamua mtu aliyeshindwa aende wapi.

Halafu ndio unawapa matukio. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais, ukarudiwa. 2013 na 2022 kesi zilifika pale pale na matokeo yakabaki. Na upande wetu, mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapo Arusha tu, iliamua kwamba zuio hilo la ibara ya 41 linakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Wanafunzi wengi hawajui kama mahakama hiyo ipo Arusha. Wanajua mnara wa saa.

Sasa nimeisifia sana, na kuna mtu ataandika kwenye maoni kwamba nimelipwa. Sijalipwa. Kwa hiyo sikilizeni na hili.

Tovuti hii inakupa maandishi, na hapo ndipo inapoishia. Chukueni Malawi. Katiba yao inasema rais achaguliwe kwa wingi wa kura. Kwa miaka mingi mahakama zilikubali kwamba aliyewazidi wenzake anatosha, hata kama hajafika nusu. Februari 2020 majaji wakafuta uchaguzi wa 2019 na kusema wingi ni zaidi ya nusu. Katiba haikubadilika hata herufi. Mwanafunzi aliyesoma kwenye Constitute peke yake angeona kipande kile kile, kabla na baada. Nilikuwa napanga kusema hiki ni chombo cha mwaka wa kwanza. Lakini kadiri ninavyoongea naona mwaka wa kwanza wataishia kuamini kwamba kilichoandikwa ndicho kinachotendeka. Labda mwaka wa pili, wakiwa wameshasoma kesi mbili tatu. Au mwaka wa kwanza, ila mhadhiri asimame pale mbele, asiwaachie kama kazi ya nyumbani.

Na la lugha. Hili linanikera, naomba mnivumilie. Kioo cha Constitute kinapatikana kwa lugha kama Kiingereza, Kihispania na Kiarabu. Kiswahili hakuna. Katiba ya Tanzania ina nakala rasmi ya Kiswahili, iko tayari, ni kuipandisha tu. Hapa nalazimika kuwasomesha Watanzania katiba yao kwa Kiingereza wakati ya Kiswahili iko kwenye droo yangu! Katiba ya Kenya yenyewe inakitambua Kiswahili kama lugha ya taifa na pia lugha rasmi, ni ibara ya 7. Ninachofanya ni kutumia tovuti kutafuta namba za ibara, kisha nafungua Katiba ya Kiswahili na kunakili kutoka humo. Ni kazi mara mbili, lakini mjadala wa Kiswahili darasani ni mjadala mwingine kabisa. Hata wale wa viti vya nyuma wanachangia.

Wapinzani wa Constitute? Kuna kitabu cha bure cha OpenStax, utangulizi wa sayansi ya siasa, kilitoka 2022. Kimepangwa vizuri, ila bado unausikia Umarekani wake, na nikikitumia natafuta mifano yangu. Halafu kuna Afrobarometer, makao yao Accra, wanaouliza wananchi wenyewe, nyumba kwa nyumba, watu 1,200 au 2,400 kwa nchi. Hao wanajibu kile Constitute isichoweza: watu wanaiamini tume? Wanaiamini mahakama? Na takwimu unazichambua bure kwenye tovuti yao. Hiyo ndiyo video ijayo. Ile ya kutunga maswali ya UE, yaani mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula, niliyoahidi itaifuata, msinitumie tena ujumbe wa usiku wa manane. Na ndiyo, kipaza sauti ni kipya, asanteni kwa wote mliochanga.

Bei. Nimesema bure, lakini bure ya mtandaoni mnaijua. Kuna bando, na kuna steshenari. Kioo cha simu kinabana sana safu mbili, kwa hiyo kama huna projekta, fanya ulinganisho ofisini, nakili ibara unazotaka, toa kopi kurasa mbili. Usiwatume wanafunzi wakapakue katiba nzima wakati bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, halijaingia.

Kwa leo nawaachia zoezi. Fungua Kenya ibara ya 137, ibandike pembeni ya Tanzania ibara ya 39, uangalie kama mtu asiye na chama anaweza kugombea urais. Ukimaliza, ongeza nchi ya tatu unayoishi wewe: Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, hata Oman, ambako hakuna kura ya kumchagua sultani. Andikeni kwenye maoni mlichokuta, na namba ya ibara muiweke. Asiyeweka namba simjibu.