HepG2, Huh-7, Hep3B au PLC/PRF/5? Seli za saratani ya ini kwa maabara ya Dar

Mwanafunzi wa uzamili pale Muhimbili au Mlimani akitaka kuanza utafiti wa ishara za seli kwenye saratani ya ini, jina la kwanza kumjia kichwani ni HepG2, mojawapo ya aina za seli za saratani zinazooteshwa maabara. Zimetajwa kila mahali na zinavumilia mikono ya anayejifunza. Ila kama swali lake ni ERK, yaani ile njia ya RAS, RAF na MEK inayoiamuru seli igawanyike, hizo zisiwe za kwanza kununuliwa. HepG2, Hep3B na PLC/PRF/5 zinauzwa na benki ya seli ya ATCC ya Marekani (HB-8065, HB-8064 na CRL-8024), na Huh-7 iko kwenye benki ya JCRB ya Japani (JCRB0403).

HepG2: nyota 2 kati ya 5. Zilitoka kwa kijana wa miaka 15 wa Argentina, zikatangazwa 1979. Kwa miaka mingi zilihesabiwa kuwa saratani ya ini ya kawaida, hadi uchunguzi uliochapishwa 2009 ulipoonyesha kuwa uvimbe wa asili ulikuwa hepatoblastoma, saratani ya ini ya watoto. Hilo peke yake lingevumilika. Kinachoharibu kazi ni jeni ya NRAS, mojawapo ya jeni za RAS, iliyobadilika kwenye kodoni (herufi tatu za jeni) ya 61, hivyo swichi imekwama ikiwa imewashwa. Unazinyima seramu (majimaji ya damu yenye vichocheo vya ukuaji) usiku kucha, asubuhi unakuta ERK tayari imebeba fosfeti, yaani imewashwa, kabla hujatia kichocheo chochote. Ukiweka EGF, kichocheo cha ukuaji, tofauti inakuwa ndogo na mwanafunzi anaanza kuilaumu kingamwili. Tena hugandamana kama ubwabwa uliolala. Baada ya tripsini, kimeng'enya cha kuzibandua, zipitishe kwenye sindano ya geji 21 mara tatu au nne, la sivyo hesabu yako ya seli ni ya kubahatisha.

Huh-7: nyota 3 na nusu. Za Mjapani wa miaka 57, mwaka 1982. Hukua vizuri kwenye midia (maji ya lishe ya seli) ya DMEM yenye seramu ya ndama asilimia 10, na ndizo zilizobeba utafiti mwingi wa homa ya ini aina ya C. Hazina virusi vya homa ya ini B, na kwetu huo ni upungufu.

Hep3B: nyota 3. Zina vipande vya virusi vya homa ya ini B ndani ya vinasaba vyake, lakini jeni ya TP53, inayozuia saratani, imefutika. Nzuri kama za kulinganishia.

PLC/PRF/5: nyota 4 na nusu. Hizi ndizo za kuagiza kwanza. Wengine huziita seli za Alexander. Zilioteshwa Afrika Kusini katika miaka ya 1970 kutoka kwenye uvimbe wa mwanamume wa Msumbiji, jirani yetu ng'ambo ya Ruvuma, na zimebeba mambo mawili yanayosababisha saratani ya ini katika ukanda huu. La kwanza ni DNA ya virusi vya homa ya ini B iliyojichomeka kwenye kromosomu. La pili liko kwenye kodoni ya 249 ya TP53: herufi G imegeuka T, na protini ikapata serini mahali pa ajinini. Hiyo ndiyo alama inayohusishwa na sumukuvu ya aina ya B1, ile ya mahindi na karanga zilizowekwa ghalani zikiwa na unyevu, ambayo iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Na kwa kuwa hazina ile kasoro ya NRAS, ukizinyima seramu ERK inatulia, ukitia EGF inawaka, ukitia sorafenibu, dawa ya saratani ya ini, inashuka. Nusu nyota imekatwa kwa sababu hazikui haraka, na kwa sababu zinadai usalama wa kibayolojia wa ngazi ya 2. Kila anayezigusa awe amemaliza chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu: ya mwanzo, baada ya mwezi 1 na baada ya miezi 6 tangu ya mwanzo.

Zina faida nyingine: humwaga HBsAg, protini ya ganda la virusi vya homa ya ini B, kwenye midia. Chukua kipimo cha haraka cha homa ya ini B, kilekile cha kliniki, na midia iliyokaa na seli siku tatu. Izungushe kwenye sentrifuji mabaki yashuke, kisha dondosha kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Mstari wa pili ukitokea, ziko sawa kwa hatua hiyo. Usipotokea, simamisha kazi, kwa kuwa huenda mtu amechanganya chupa. Kipimo hiki hakizitofautishi na Hep3B, na hakichukui nafasi ya kupima alama za STR (vipande vya DNA vinavyotambulisha kila aina ya seli), lakini kinamaliza ubishi wa "chupa hii ni ya nani" kwa robo saa.

Sasa kuzifikisha. Kichupa husafiri na barafu kavu, na boksi la kawaida la povu hupoteza kilo 2 hadi 4 kwa siku. Mzigo ukitua uwanja wa Julius Nyerere Ijumaa jioni, Jumatatu unapokea boksi tupu lenye seli zilizokufa. Panga utue Jumatatu au Jumanne, vibali viwe mkononi mwa wakala wa forodha kabla haujaondoka, na uagize barafu ya siku tano hata kama safari ni ya siku mbili. Kichupa kikifika, kiyeyushe kwenye maji ya nyuzi 37 kwa chini ya dakika mbili, ukitoe kikiwa bado na punje ya barafu katikati. Hamishia kwenye mililita 9 za midia, zungusha kwa 125 × g dakika 5, mwaga maji ya juu yenye DMSO (kemikali ya kulinda seli zikigandishwa), weka kwenye chupa ya T25. Usifungue inkubeta kutwa nzima, hata kwa kuchungulia.

Umeme ukikatika, midia hubadilika kutoka nyekundu kwenda zambarau kwa sababu gesi ya CO2 inapungua na asidi inashuka. Kaza vifuniko, acha mlango umefungwa. Anayejua mtaa wake una mgao aweke HEPES, kemikali ya kutuliza kiwango cha asidi, milimola 25 mapema. Wakati wa masika adui ni ukungu: trei ya inkubeta ijazwe maji yaliyochemshwa kwa otoklevu, yabadilishwe kila wiki. Maikoplasma, bakteria wadogo sana, ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani, na huvuruga ishara za seli bila kuziua. Pima kwa PCR kila mwezi.

Kwenye westani bloti, kipimo cha protini kwa kingamwili, fosfeti hupotea mezani. Nyima seramu saa 16, tia EGF nanogramu 50 kwa mililita kwa dakika 10, kisha trei ya visima yenye seli iende moja kwa moja juu ya barafu. Barafu ya samaki ya soko la Feri inafaa kabisa; tandika karatasi ya alumini tu. Osha kwa PBS (maji ya chumvi) baridi, tia maikrolita 120 za bafa ya RIPA, ya kupasua seli, kwa kila kisima ikiwa na sodiamu othovanadeti milimola 1 na sodiamu floridi milimola 10 za kuzuia fosfeti ising'olewe, zilizotiwa siku hiyohiyo. Pakia maikrogramu 25 za protini. Zuia karatasi ya bloti isinase kingamwili ovyo kwa BSA (protini ya damu ya ng'ombe) asilimia 5. Maziwa ya unga yana kaseini, nayo ina fosfeti, kwa hiyo karatasi yote inaweza kuwa nyeusi. Mistari ya ERK inayotafutwa iko kilodaltoni 44 na 42. Kwa sorafenibu, akiba ya milimola 10 kwenye DMSO ukiipunguza mara 1,000 inatoa maikromola 10 na DMSO asilimia 0.1, na kisima cha kulinganisha nacho kipewe DMSO hiyohiyo.

Kabla ya kufika pasaji ya nne (kuhamishiwa chupa mpya mara ya nne), gandisha vichupa kumi, seli milioni 1 hadi 2 kila kimoja, DMSO asilimia 10, zikishuka nyuzi 1 kwa dakika hadi hasi 80, kesho yake ziingie kwenye naitrojeni. Andika jina kwa penseli kwenye lebo inayovumilia baridi. Wino wa kawaida hufutika mara tu kidole chenye ethanoli kikigusa.