"Mukopi" na "mudokolo": lipi ni tusi la tabaka tu?

Mukopi, kwa Kiganda, lugha ya Waganda (kabila la ufalme wa Buganda, Uganda), ni mtu wa kawaida: si mwanamfalme, si chifu. Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda uliwapa machifu ardhi ya mailo, yaani ya umiliki binafsi, wakopi wengi wakabaki wapangaji. Likirushwa kama tusi, humaanisha huna adabu. Waganda wakitupiana wenyewe, hilo ni tusi la tabaka.

Mudokolo humlenga mtu wa kaskazini mwa Uganda, Mwacholi au Mlangi kwa mfano. Hili ni baya zaidi, maana linachanganya kabila na umaskini. Wakoloni waliigeuza kaskazini chimbuko la askari na la vibarua wa kwenda kusini, na kazi duni ikahesabiwa kuwa asili ya mtu.

Jiulize: mtukanwa akitajirika, neno linamwacha? Mukopi huweza kumwacha. Mudokolo humfuata hadi ofisini.

Lakini mukopi nalo hugeuka likielekezwa kwa asiye Muganda. Sikiliza wingi: "nyinyi wakopi" hapo ni kabila zima linalotukanwa. Ibara ya 21 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inakataza ubaguzi wa kabila na wa hali ya kiuchumi kwa pamoja.