Uzoefu wangu: nasoma roboti jioni, roboti yenyewe imefungiwa

"Wewe kijana, umekuja kusoma au umekuja kufundisha?"

Hiyo kauli niliambiwa na mtunza maabara wa chuo ninachosoma, mbele ya darasa zima, Jumamosi moja si ya mbali sana. Mpaka leo ikinijia natamani nirudi pale nimjibu vizuri. Nilichokuwa nimesema mimi ni neno moja tu, betri. Nitafika huko.

Nijitambulishe kidogo, msije mkasema huyu ni mwanafunzi mvivu anayetafuta wa kumsukumia lawama. Ni fundi umeme kiwandani, upande wa Barabara ya Nyerere, mstari wa vinywaji. Mita na bisibisi nimeshika muda mrefu, ila bila karatasi kubwa unabaki pale pale: wanaletwa vijana wa juzi wanaitwa mainjinia, halafu wewe ndiye unayewaonyesha breka iko wapi. Ndiyo nikajiunga na programu ya jioni ya uhandisi wa roboti na otomesheni, chuo kimoja hapa hapa Dar. Chuo sikitaji. Wanaosoma pale wataelewa wakifika kwenye shuka.

Ada ya jioni iko juu kuliko ya mchana. Tuliambiwa walimu wanalipwa saa za ziada, umeme wa usiku, ulinzi, na kadhalika. Sawa, nikalipa, na sisi hatuna bumu, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, kila shilingi inatoka kwenye mshahara. Ambacho hakikuandikwa kwenye ile karatasi nzuri ya rangi ni kwamba mwenye ufunguo wa maabara anaondoka saa tisa na nusu alasiri. Sisi vipindi vyetu vinaanza saa kumi na moja na nusu, na hapo kama foleni ya Tazara na Buguruni imekuhurumia.

Roboti ipo, siwasingizii. Tena siyo ya kuchezea watoto, ni mkono wa kiwandani kabisa wenye maungio sita, wa jamii ile inayochomelea magari huko kwa wenzetu. Unauona kupitia kioo cha koridoni, umefunikwa shuka. Shuka la kitandani, jamani, la maua ya bluu na waridi, kona moja limetiwa kiraka. Muhula mzima nimeisalimia roboti kupitia kioo. Ukimuuliza mlinzi, ufunguo uko kwa mzee. Mzee yuko wapi? Mzee ameshaondoka. Mkuu wa idara naye anasema andikeni barua. Tukaandika. Barua ikajibiwa kwamba imepokelewa.

Kwa hiyo roboti tunafundishwa kwa projekta. Mwalimu anaeleza pendanti, ile rimoti kubwa ya kuongozea mkono, kwamba nyuma yake kuna kitufe cha usalama chenye hatua tatu. Ukikiachia, roboti inasimama. Ukikibonyeza nusu, inakubali kutembea. Ukikikaba mpaka mwisho, inasimama tena, kwa sababu binadamu akishtuka hujui ataachia au atakaba, na vyote viwili ni lazima vimwokoe. Akili kubwa sana hiyo. Lakini hiyo nusu utaijuaje kwa kutazama ukutani? Nusu inajulikana na vidole. Kwenye simulesheni ya laptopu ukimgonga mtu unabonyeza kurudi nyuma, maisha yanaendelea. Kazini kwetu roboti ya kupanga kreti kwenye paleti imezungushiwa uzio na mlango wenye swichi, ukifungua tu inakata, na haikuwekwa pale kwa ajili ya urembo. Sasa chuo kinataka kunipa cheti cha kuisimamia mashine ya namna hiyo wakati sijawahi kuishika hata kwa kidole, halafu siku nikimvunja mtu mbavu waulize nilisoma wapi.

Basi, hasira zimeanza mapema. Ngoja nijipinge kidogo kwa sababu haki ya mtu haipotei.

Mwalimu wetu wa PLC, yaani kompyuta ndogo ya kuongozea mitambo, ni wa kuchongewa sanamu. Alipoona maabara haifunguki hakulalamika, akaanza kuja na begi lake. Ndani ana ubao aliouunda mwenyewe kwa vitu vya Kariakoo: PLC ndogo iliyotumika, chanzo cha umeme cha volti 24, relei (swichi inayowashwa kwa umeme), vitufe viwili, taa tatu na kimota. Anauweka mezani, tunauzunguka, kila mtu lazima afunge waya kwa mkono wake, na ukifunga vibaya anakuachia uhangaike kwanza. Siku ya kwanza alitueleza kwamba mwaka 1968 General Motors kule Marekani walichoka na makabati ya relei. Kila wakibadilisha aina ya gari, mafundi wanang'oa nyaya na kufunga upya. Wakataka kifaa ambacho unabadilisha programu tu, nyaya unaziacha. Mainjinia akina Dick Morley wakaja na PLC iitwayo Modicon 084, na namba hiyo ilitokana na kuwa kazi yao ya 84. Kilichonigusa ni kwamba programu ya ngazi, ile ya PLC inayochorwa kwa mistari kama ngazi, ilichorwa ifanane na michoro ya relei ili fundi umeme wa kawaida aisome bila kurudi shule. Mimi huyo! Kumbe kuna watu waliwahi kukaa mezani wakanifikiria.

Siku nyingine akatueleza kwa nini vipimo vya kiwandani vinapitishwa kwenye mkondo wa umeme wa miliampia 4 hadi 20, badala ya kuanzia 0. Ukisoma 4, tenki halina kitu. Ukisoma 0, tenki halijakwambia chochote, waya umekatika. Nikaandika, nikadhani ni ya mtihani.

Haukupita muda, kazini tenki la sharubati likaonyesha tupu, pampu ikajizima, mstari wote kimya. Supavaiza akapanda na tochi kuchungulia: limejaa. Watu wakaanza kusema kifaa kimekufa, kiagizwe kingine Afrika Kusini, na mnajua kuagiza maana yake nini. Nikafungua waya mmoja kwenye tamino, pale nyaya zinapofungwa, nikaiingiza mita katikati. Sifuri. Nikaufuata ule waya mpaka nyuma ya trei ya kebo, panya alikuwa ameshajipatia chajio, sehemu ya urefu wa kidole imebaki shaba tupu na nyuzi zimeachana. Nikaunga, nikavisha tyubu, mita ikaruka ikasimama karibu na 19, pampu ikanguruma. Meneja akaniuliza hayo nimeyajulia wapi. Nikamjibu chuoni, na nilijisikia mtu.

Siku hiyo ungeniuliza kuhusu chuo hiki ningekwambia uza hata friji ujiunge.

Sasa turudi kwenye Jumamosi.

CR wetu, yaani kiongozi wa darasa, alihangaika mpaka tukapewa siku moja ya maabara. Kulikuwa na dada mmoja wa kiwanda cha maji, alibadilishana shifti na mwenzake, akakesha usiku ili tu awepo asubuhi ile, amekuja macho mekundu lakini ana furaha. Mzee akafika na ufunguo wake umefungwa kamba nyekundu mkononi. Tukamsalimia vizuri, shikamoo mzee, marahaba. Akaliondoa shuka, akalikunja mara nne taratibu, vumbi likatupata wote. Akawasha. Feni ya kabati ikaanza kuvuma, skrini ya pendanti ikawaka, wenye simu wanarekodi, halafu ule ukurasa ukajaa maandishi mekundu. Mkono haukutikisika.

Mzee alisoma kimya. Kisha hakuutazama mkono, alitutazama sisi.

"Nani ameichezea hii mashine?"

Hakuna aliyejibu, maana tungejibu nini? Akaendelea mwenyewe kwamba watu wa jioni ndio shida, watu wa jioni mnakuja mmechoka, mnashikashika, wa mchana hawana matatizo haya. Nikaangalia ile skrini. Alamu zilikuwa za enkoda, vile vihisi vya kupima mzunguko, moja kwa kila ungio. Nikasema, kwa adabu kabisa, "Samahani mzee, hii inaelekea ni betri." Nikaanza kueleza kwamba roboti nyingi za aina hii zina betri za akiba zinazoitunzia kumbukumbu ya kila ungio liko nyuzi ngapi. Umeme mkubwa ukizimwa, betri ndiyo inashikilia. Ukiacha mashine imezimwa miezi na miezi, betri inakwisha na mkono unasahau ulipo. Kazini kwetu zinabadilishwa kwa ratiba, tena mashine ikiwa imewashwa ili isipoteze kitu. Zikishakufa hakuna njia ya mkato, unaweka mpya, unapeleka kila ungio mpaka alama zake zikutane, ndipo unaiambia upya kwamba hapa ndipo sifuri.

Hapo ndipo aliponiuliza kama nimekuja kusoma au kufundisha. Kuna watu walicheka. Sijawasamehe.

Nataka mwelewe kinachoniumiza. Siyo dharau peke yake, dharau kazini tunakula kila siku. Ni kwamba roboti ile imeugua kwa kufichwa. Ingekuwa inawashwa kila jioni na watu wa jioni, hizo betri zingekuwa na maisha marefu zaidi, na siku zikilegea mashine ingetoa onyo mapema, mtu akaliona. Imefungiwa ili isiharibike, ikaharibikia humo humo ndani ya ufunguo, halafu anayeitwa kujieleza ni yule aliyekuwa upande wa pili wa kioo.

Na kuitwa tuliitwa kweli. Wiki iliyofuata tangazo likabandikwa: wanafunzi wa jioni waandike maelezo, na darasa lijiandae kuchangia gharama za fundi kutoka nje. Kuchangia! Maelezo yangu yalikuwa mstari mmoja: "Sijawahi kuwa na ufunguo wa chumba hicho." Dada wa kiwanda cha maji yeye aliandika kurasa mbili, akaambatisha na nakala ya ile barua yetu iliyopokelewa. Nadhani kurasa zake ndizo zilizofanya kazi, maana mkuu wa idara alituita, akasema kumetokea kutoelewana, suala la mchango lisitishwe kwanza. Lisitishwe. Hakusema lifutwe.

Baadaye mwalimu wa begi akanivuta pembeni. Akaniambia mzee yule siyo mtu mbaya, kwamba zamani kifaa cha kupimia kiliibiwa mle maabara na alikatwa mshahara wake mpaka kikalipwa, ndiyo maana ufunguo analala nao. Nikanyamaza. Nikamwonea huruma, kweli kabisa, siku nzima ile nilimwonea huruma. Mtu mwenye familia kukatwa mshahara kwa mali ya ofisi, mimi najua uzito wake.

Lakini nikifika nyumbani nikapanga risiti zangu za ada mezani, huruma ikapungua. Hilo la kukatwa mshahara linanihusu nini mimi? Waajiri mtu wa pili wa jioni, kwani ada ya ziada tunayolipa inakwenda wapi? Au ufunguo wa akiba umpe mwalimu kwa kusainiana. Wala havihitaji barua ya wizara.

Fundi wa nje amekuja, nimesikia kwa watu wa mchana. Betri, alama za maungio, kazi ya saa chache, akaondoka na pesa yake. Hakuna aliyekuja kutuambia kwamba kijana wa jioni alisema kweli. Shuka limerudishwa, sasa ni jipya, la mistari.

Kuna wanaoniuliza kama wajiunge. Jana ningesema usithubutu. Leo nimetoka kwenye kipindi cha PID, ile hesabu ya kuidhibiti mashine isiyumbe, mwalimu ametuwekea kimota chake, tumekipandisha na kukishusha mpaka kikaacha kuyumba, nimefurahi, kwa hiyo nasema inategemea. Kama una kazi kiwandani, nadharia ya pale utaitumia kesho yake asubuhi, hilo nalishuhudia. Kama huna mahali pa kushika mashine nje ya chuo, utamaliza ukiwa na picha nyingi za roboti kwenye simu. Vyovyote vile, usiende kuuliza nafasi saa nne asubuhi, saa hiyo kila mlango uko wazi na kila mtu anatabasamu. Nenda saa kumi na mbili jioni, waambie wakufungulie maabara, usimame pale wakitafuta ufunguo.

Nusu ya ada ya muhula ujao nimeshalipa, hiyo ni ya mwalimu wa begi. Nusu iliyobaki nitalipa siku nitakayoshika pendanti. Wakininyima kuingia kwenye mtihani kwa ajili ya hiyo nusu nitaandika tena, na safari hiyo chuo nitakitaja.