Data za hewa za Mauna Loa na wenzake: bure kabisa, ila soma maelezo kwanza

Hizi data nimezitumia muda sasa nikaona nizitolee maoni kama watu wanavyotoa ya simu na hoteli, maana hii nayo ni huduma jamani, tena ya bure, hufungui akaunti, huulizwi pasiwedi, unabofya tu faili linashuka. Wenyewe ni wawili, Scripps, taasisi ya utafiti wa bahari ya California, na maabara ya NOAA (shirika la serikali ya Marekani la bahari na hewa) iliyoko Boulder, Colorado, na wote wanapima kaboni dioksaidi, yaani hewa ukaa, kwenye mlima uleule wa volkano, Mauna Loa kule Hawaii, kama mita 3,400 juu ya bahari, kila mmoja na mashine zake. Scripps walianza Machi 1958 chini ya mwanasayansi Charles David Keeling, NOAA wakaja na vipimo vyao 1974. Hapo ndo napapenda, mmoja akikosea mwenzake anamuumbua.

Mapambo usitegemee. Faili ni maandishi matupu, namba mpaka macho yanauma, na pale juu kuna maelezo marefu ambayo kila mtu anayaruka. Na mimi nikayaruka. Nikamwaga namba za Scripps kwenye grafu, mstari ukawa unapanda vizuri wenye meno meno kama msumeno (mimea ya kaskazini inavuta hewa ukaa majira ya joto kisha inairudisha), halafu kufika 1964 mstari ukadumbukia hadi chini ya sifuri! Nikasema hapa mashine ilikufa. Kumbe -99.99 maana yake hakuna kipimo, kosa langu mwenyewe. Sasa nilipotafuta kwa nini Februari mpaka Aprili 1964 hakuna kipimo ndo nikachoka kabisa: hela. Bajeti ilikatwa, upimaji ukasimama, na hiyo miezi mitatu huipati tena hata uje na mabilioni leo, hewa yake ilishapita na upepo.

Ndo maana wale wa kituo cha kupima hewa cha Cape Grim, Tasmania kule Australia, nawavulia kofia, tangu 1978 wanajaza hewa safi kwenye mitungi na kuihifadhi, ili ikija kugunduliwa gesi ambayo zamani hakuna aliyeijali, mtu aende stoo akapime hewa ya miaka hiyo. Akili sana hii.

Kaboni dioksaidi yenyewe ilianza kwenye sehemu 313 kwa milioni, wastani wa 2024 umepita 424. Lakini msiishie hapo kama wengi. Fungueni faili la methani la NOAA, gesi nyingine inayopasha dunia joto, data zake za dunia nzima zinaanza 1983, utaona inapanda, halafu kuanzia kama 1999 inatulia unadhani mambo yameisha, 2007 inaanza kupanda tena na wataalamu mpaka leo wanabishana kwa nini. Mimi grafu hiyo naiangalia kama tamthilia.

Na CFC-11, ile gesi ya mafriji na ya kutengenezea povu la plastiki, iliyopigwa marufuku kupitia Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni. Ilitakiwa ipungue kwa mwendo unaojulikana, ikawa inapungua kivivu, 2018 wakatangaza kuna mtu anaitoa upya, 2019 vipimo vya vituo vya Korea na Japani vikaonyesha sehemu kubwa ya ongezeko hilo inatoka mashariki mwa China, na baada ya hapo uzalishaji ukashuka. Yaani mwizi kashikwa kwa kunusa upepo, na hiyo gesi inahesabiwa kwa sehemu kwa trilioni!

Namba nyingi za NOAA za dunia nzima zinatokana na chupa za kioo, mtu anakwenda sehemu isiyo na moshi, anakaa upande ambao pumzi yake haiingii, anajaza chupa mbili kwa pamoja, zinasafirishwa Boulder. Mbili zikitofautiana sana zinawekewa alama usiziamini. Kazi ya kuchosha, wiki hadi wiki, miaka na miaka, hakuna anayepiga makofi.

Ninachowadai ni ramani ya vituo. Ulaya na Amerika Kaskazini vituo vimejaa, Afrika na sehemu kubwa ya tropiki unahesabu kwa vidole. Na kinachonitia wasiwasi ni hela tena. Novemba 2022 Mauna Loa ililipuka, lava ikakata barabara na umeme, wakahamia Maunakea, mlima wa jirani, kwa muda wakaendelea kupima. Volkano haikuwazima, halafu 2025 serikali ya Marekani ikapendekeza bajeti ya kuifungia maabara ya NOAA fedha. Nilivyosoma hiyo nikakumbuka shimo langu la 1964, usiku huohuo nikadaunlodi mafaili yote kwenye flashi.

Nyota nne na nusu. Kama ndo unaanza chukua faili la wastani wa mwezi, la kila saa litakuua, na namba za miezi ya karibuni usizishikie bango kwa sababu bado wanazihakiki na zinaweza kusogea kidogo.