Uzoefu wangu: shule ndogo ya kanisa jirani na Kengeleni, Mombasa

Binti yangu yuko Gredi ya Nne katika shule ya msingi ya kanisa huko Kisauni, na huu ni mwaka wake wa nne humo. Jina la shule sitalitaja kwa kuwa, pamoja na sifa nitakazoitolea, nina malalamiko nayo ambayo sijayamaliza na ofisi.

Nilivutwa kwanza na udogo wake. Darasa la binti yangu lina wanafunzi 26, na mwalimu wa darasa anamjua kila mzazi kwa sura. Siku huanza kwa ibada fupi ya Kiswahili, lakini watoto wa majirani zetu Waislamu wamo pia, nao wakati wa kipindi cha dini hufundishwa na ustadhi anayekuja mara mbili kwa juma. Sijasikia mzazi wa upande wowote akilalamika.

Jambo ambalo sikulitarajia ni jinsi shule inavyofundisha historia ya mahali ilipo. Nimeishi Mombasa tangu utotoni, na Kengeleni kwangu ilikuwa ni steji ya matatu tu, hadi siku darasa zima lilipopelekwa kwa miguu kuitazama kengele ya zamani iliyopapa mahali hapo jina na binti yangu akarudi nyumbani akiniuliza ni nani aliyekuwa akivuta kamba yake. Sikuwa na jibu. Nilichokijua ni kile tulichokariri shuleni zamani: kwamba mmishonari William Salter Price wa Church Missionary Society, shirika la kimishonari la Kanisa la Anglikana la Uingereza, alianzisha hapa kijiji cha Freretown mwaka 1875 ili kuwapokea watumwa walioachwa huru, na kwamba kijiji kilipewa jina la Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa Unguja kumshawishi Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa, jambo lililofikiwa kwa mkataba wa mwaka 1873.

Mwalimu wao hakuishia kwa Price na Frere. Aliwaeleza kwamba wengi wa wakazi wa kwanza walikuwa watu walionaswa bara, wakatiwa majahazini na kuokolewa baharini na manowari za Uingereza, na kwamba kengele ilipigwa kuwaonya wanakijiji wavamizi walipokaribia. Kisha akawasimulia habari za Waafrika waliookolewa utumwani na kulelewa Nasik, India, waliojulikana kama Waafrika wa Bombay, ambao walirudi pwani hii wakiwa na ufundi na elimu, wakawa walimu na wakalimani. Mmoja wao, William Jones, aliwekwa wakfu kuwa shemasi mwaka 1885, na mwaka huohuo akafuatana na Askofu Hannington wa Kanisa la Anglikana katika safari ya kwenda Uganda ambayo askofu hakurudi. Kwangu mimi, mtoto wa miaka tisa kujua kwamba walimu wa mwanzo wa eneo lake walikuwa Waafrika waliowahi kuwa mateka ni faida kuliko alama kadhaa za mtihani. (Krapf na Rebmann, wamishonari waliotangulia kufika pwani hii na kukaa Rabai, nao walifundishwa, ila kwa ufupi, kwa sababu habari zao zimewekewa ziara ya huko Rabai muhula ujao.)

Sasa malalamiko. Karo yenyewe si kubwa, lakini michango huja katikati ya muhula kwa barua inayoletwa na mtoto Ijumaa ikitaka fedha Jumatatu. Muhula uliopita zilikuja barua tatu, na ya mwisho haikusema fedha ni za nini. Gari la shule nalo huchelewa hadi mtoto akafika nyumbani magharibi, na kila nikiuliza naambiwa ni msongamano wa darajani Nyali, ilhali sisi hatuvuki daraja hilo.

Mdogo wake nimekwisha kumwandikisha kuanza Januari. Gari sitalilipia tena. Nitawapeleka wote wawili kwa miguu, na risiti ya kila mchango nitaidai palepale ofisini.