Kikundi cha sanaa shirikishi tulichokiita kijijini, nawapa nyota nne, someni kabla hamjawaita

Jamani kwa wanaoulizaga kama hivi vikundi vya sanaa shirikishi, yaani maigizo ambayo watazamaji nao wanaingia kuigiza, vinasaidia kweli au ni ngoma na posho tu, mie nasema vinasaidia, ila inategemea mmewaita vipi. Sisi kikundi chetu cha kina mama huku Mkuranga tuliwaita vijana waliosomea sanaa Bagamoyo waje kutufanyia onyesho kuhusu mapato na matumizi ya kijiji, na tulichokiona semina hazijawahi kutupa.

Kwanza kazi yao inaanza kabla ya onyesho lenyewe. Walifika mapema wakalala kijijini, wakawa wanazunguka, mara kijiweni kwa bodaboda, mara kwa mama ntilie, mara kisimani, mara kwenye mashamba ya mihogo, wanauliza tu nini kinawakera watu. Hawakuja na igizo tayari. Ndo ikajulikana kwamba kinachowakera wengi sio eti hela imeliwa, hilo hakuna mwenye ushahidi nalo, kinachowakera ni kwamba mkutano mkuu wa kijiji ukiitwa taarifa inasomwa mbiombio na ukinyoosha mkono unaambiwa muda umekwisha. Na sheria ya serikali za mitaa, ile namba 7 ya mwaka 1982, iko wazi kabisa, mkutano mkuu ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa uitwe angalau kila miezi mitatu. Wengi wetu tulikuwa hatulijui hilo, tunadhani ni hisani ya mwenyekiti.

Siku ya onyesho wakaanza na mdundiko, na huku pwani mdundiko ukilia nani anabaki ndani, watoto, wazee, vijana wa bodaboda wote uwanjani. Halafu igizo. Mwenyekiti wa kwenye igizo anasoma taarifa, anafika kwenye pampu ya kisima anataja hela anaruka haraka kwenda kwenye madawati, mama mmoja anasimama kuuliza, anajibiwa "wewe umehamia lini hapa", watu kimya, mkutano unafungwa. Mwisho. Yaani limeisha vibaya, na wamelifanya hivo makusudi.

Sasa hapo ndo utamu ulipo. Yule mwezeshaji wao akatugeukia akauliza, nani angefanya tofauti, aje achukue nafasi ya yule mama, tunaanza upya. Kimya kwanza. Kijana mmoja akaenda akaanza kufoka, yule mwigizaji mwenyekiti akamgeuzia kibao akamwita mleta vurugu, akaambiwa atolewe, kwisha. Watu wakaona wenyewe kwamba kufoka hakujasaidia. Ndo akainuka bibi mmoja wa makamo, mtu ambaye mkutanoni sijawahi kumsikia hata akikohoa, akajifunga kitenge vizuri akasema, "Mwanangu mwenyekiti, mie macho hayaoni vizuri na masikio mazito, nisomee tena hapo kwenye pampu, polepole, na hiyo risiti mpe mjukuu wangu anisomee." Mwigizaji akajaribu kumkwepa, bibi akarudia vilevile bila kupandisha sauti, akageuka akawauliza waliokaa, "Na nyie si mnataka kusikia?" uwanja mzima ukaitika. Mwenyekiti wa igizo akakosa pa kutokea. Kiukweli mie nililia.

Maana yake ni kwamba bibi amefanya mazoezi. Demokrasia tunaambiwa kwenye mabango na redioni ila hakuna anayetupa pa kuijaribu, kwamba nikisimama nasema nini, nikijibiwa vibaya nafanyaje, na jirani yangu ataniunga mkono au ataangalia chini. Njia hii aliianzisha Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo kule Brazil, na alipokuwa diwani Rio de Janeiro mwaka 1993 hadi 1996 akaipeleka mpaka kwenye baraza la jiji, wananchi wanaigiza shida zao, yanayotokea hapo yanaandikwa kuwa mapendekezo, na sheria 13 zilipita kwa njia hiyo. Na msidhani ni kitu kigeni kwetu, walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi ya namna hii kijijini Malya mkoa wa Mwanza mwaka 1982 na 1983, wakitumia ngoma za wenyeji kuzungumzia mimba za wasichana na vijana kukosa kazi, na mwaka 1996 ndo ukaja mradi wa Tuseme mashuleni, wa kuwasaidia wasichana kusema shida zao kwa njia ya sanaa, ambao baadae ukavuka mipaka kwenda nchi nyingine za Afrika. Hazina tunayo, tumeiacha tu.

Nyota moja nimeitoa, na sababu ninazo. Igizo la pili lilihusu mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia kumi ya mapato yake ya ndani (nne kina mama, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu), wakalifanya vichekesho vitupu, afisa katembea kilevi suruali inadondoka, watu wakacheka mpaka wakasahau kilichokuwa kinaulizwa. Pia mwezeshaji alichoka mwishoni akawa anatoa majibu mwenyewe badala ya kutuachia, na akishajibu yeye bas hakuna anayeinuka tena. Afu spika ilikuwa kubwa mno, waliokaa mbele hawasikilizani. Na vijana wa bodaboda waliteka mjadala, kina mama wengi walikaa nyuma na watoto, mpaka bibi alipofungua njia.

Baada ya hapo mkutano mkuu wenyewe ukaitwa, na watu walijaa. Taarifa ilisomwa polepole, kwenye pampu watu watatu wakauliza kwa zamu kwa heshima kabisa, na sasa hivi taarifa inabandikwa kwenye ubao wa matangazo pale ofisini. Risiti bado hatujaziona zote. Tunaendelea kuulizia.

Mkitaka kuwaita vijana wa namna hii, hakikisheni kikundi kimesajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na barua ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji mapema, tena mwenyekiti mualikeni nae akae aone, msimfiche, maana akisikia kwa watu atadhani mnamsema yeye. Kataeni mfadhili yeyote anayetaka igizo liishie na ujumbe wake na bango lake, hapo mtakuwa mmelipia tangazo. Gharama zetu zilikuwa nauli, chakula, malazi na posho, tulichangishana na haikutuumiza. Msiwaite msimu wa korosho maana hakuna mtu atakayetoka shambani, na tarehe ya onyesho iwe karibu na tarehe ya mkutano mkuu, wiki moja kabla inatosha, watu waende maneno bado yako mdomoni.