BHVO-2: unga wa kuaminika kwa strontiamu, wa mashaka kwa metali ya risasi

Unga rejea wa BHVO-2 (unga wa mwamba wenye thamani zinazojulikana, wa kuhakiki vipimo vya maabara), ulioandaliwa na USGS, shirika la jiolojia la Marekani, unatokana na lava ya Kilauea, Hawaii, iliyofurika kutoka Halemaumau mwaka 1919. Maabara inayochunguza vyanzo vya volkano za visiwa katika mantili, yaani tabaka la Dunia lililo chini ya ganda lake, inauhitaji kweli. Uwiano wake wa isotopu za strontiamu, 87Sr/86Sr, ni takriban 0.70348 na ule wa neodimiamu, 143Nd/144Nd, takriban 0.51298. Thamani hizo hujirudia vizuri sana.

Pima miligramu 100, uyeyushe kwa asidi ya haidrofloriki na nitriki ndani ya kopo la Teflon lililofungwa, nyuzi 120 hadi 130 za Selsiasi, saa 48. Kausha, kisha yeyusha tena kwa haidrokloriki ya molari 6. Hatua hii isirukwe: floraidi zikibaki, hushikilia kalsiamu, strontiamu na neodimiamu, na mavuno kwenye safu ya resini inayotenganisha elementi hushuka.

Kasoro yake ni risasi (Pb). Unga ulichafuliwa wakati wa kuandaliwa, na uchafu haukusambaa sawasawa, hivyo uwiano wa isotopu zake, 206Pb/204Pb, huyumba kati ya vipimo. Si jambo dogo, kwani volkano za Hawaii za Mauna Loa na Kilauea hutofautishwa kwa tofauti finyu za 208Pb/206Pb. Kwa vipimo vya risasi, uoshe unga kwanza kwa haidrokloriki ya molari 6 kwenye mashine ya mitetemo ya sauti, mwaga, rudia mpaka asidi ibaki bila rangi, kisha suuza kwa maji safi. Baada ya hapo linganisha na thamani zilizochapishwa za unga uliooshwa tu. Kwa kupima kiasi cha elementi ndani ya mwamba, tumia usiooshwa, kwa sababu asidi huondoka na sehemu ya mwamba wenyewe.